Kuchagua Rivolva ya Magnum ya Fremu ya Kati: Wasikilize Wenye Nazo, Kisha Ushike Fila Geji

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muulize mwenye Ruger atakwambia Ruger haifi, muulize mwenye Smith & Wesson atakusimulia ulaini wa triga, na mwenye Colt Python atakuonyesha picha tu. Wote wanasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyekusaidia. Kinachosaidia ni kujua mtu huyo anapiga risasi gani, kwa wingi gani, na bastola yake ilikuwaje siku aliyoinunua.

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu wanaoishi Marekani, ambako rivolva, yaani bastola za silinda, bado zinauzwa kwa wingi, mpya na zilizotumika, na ambako kila anayetaka moja hukutana na mlima wa maoni. Ninazungumzia bastola inayopiga risasi kali iitwayo .357 Magnum, yenye fremu ya kati, fremu ikiwa kile kiunzi kinachobeba silinda na mtutu: si zile ndogo za mfukoni zenye risasi tano, wala zile kubwa za .44. Fremu ya kati inaenea kwenye mkono wa mtu wa kawaida, inabeba risasi sita au saba, na ina uzito wa kutosha kulimeza teke la magnum bila kukutesa.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni ya taifa utajaza fomu namba 4473, kisha atapiga ukaguzi wa rekodi zako kupitia mfumo wa taifa uitwao NICS, uliopo tangu Novemba 1998. Kwa muuzaji huyo, umri wa kununua bastola ni miaka 21. Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya taifa. Aliyeingia kwa visa ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana yake: kwingine utahitaji kibali kabla ya kununua, kwingine utasubiri siku kadhaa, kwingine utaondoka nayo siku hiyohiyo.

Binamu mwenye visa ya masomo akikuomba umnunulie kwa jina lako, kataa hata kama analeta pesa taslimu. Kujaza fomu ile kana kwamba unanunua yako, ilhali ni ya mwingine, ni kosa la jinai la taifa. Na kama kuna kontena la familia linalokwenda Mombasa au Dar es Salaam, bastola haiingii humo. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali chake, na kuiingiza Kenya au Tanzania kunahitaji leseni ya huko kabla haijagusa bandari.

Ukiipata inayouzwa na mtu wa jimbo jingine, haiji mlangoni kwako. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, na hapo ndipo unapojaza fomu. Hili lina faida moja ambayo wengi hawaitumii: unaweza kuikagua pale kaunta kabla hujaandika lolote. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba usiporidhika inarudi ilikotoka.

Hatua ya 2: Amua utailisha nini

Hapa ndipo uchaguzi wote ulipo, na ndipo watu wanaporuka haraka kwenda kwenye majina ya viwanda.

Bastola ya .357 Magnum inapiga risasi za aina mbili. Magnum yenyewe ilitoka mwaka 1935. Ilitengenezwa kwa kurefusha ganda la .38 Special, risasi iliyokuwapo tangu mwisho wa karne ya 19, kwa kama milimita 3.4. Urefu huo uliongezwa makusudi ili magnum isiingie kwenye bastola dhaifu ya .38. Kinyume chake kinawezekana: .38 inaingia na kupigwa salama ndani ya bastola ya .357.

Tofauti ya nguvu si ndogo. Kiwango cha juu cha shinikizo la .38 Special ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000, cha .357 ni psi 35,000, zaidi ya mara mbili. Kichwa cha greini 158, yaani kama gramu 10, hutoka kwenye .38 kwa mwendo wa takriban mita 230 kwa sekunde, na kwenye .357 kinakaribia mita 375. Kichwa chepesi cha greini 125 kwenye magnum kali huvuka mita 400.

Sasa wasikilize wenye nazo na utaona jambo: walio wengi wanapiga .38. Wananunua magnum, wanapiga boksi moja la magnum, mkono unauma, masikio yanavuma hata kwa kinga, na boksi la pili linakaa kabatini. Bei nayo inachangia, maana .38 ni nafuu zaidi. Hakuna aibu yoyote hapo. Ila mtu wa namna hii akikuambia "bastola yangu ina miaka mingi na haijalegea", anakusimulia habari za .38.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli. Je, unataka ya kupigia shabaha Jumamosi na kuiweka nyumbani kwa ulinzi? Chakula chake kitakuwa .38, na magnum mara mojamoja. Unakwenda kwenye misitu yenye dubu weusi, au unawinda paa kwa bastola? Utahitaji magnum nzito na utaipiga ya kutosha mpaka uizoee. Unajaza maganda mwenyewe nyumbani? Basi utapiga mara nyingi kuliko sisi wote, na uimara unapita uzuri. Majibu haya matatu yanakupeleka kwenye bastola tofauti.

Hatua ya 3: Namna ya kumhoji mwenye nayo

Usimuulize "ni nzuri?" Muulize: umepiga risasi ngapi kwa kukadiria, na ngapi kati ya hizo ni magnum? Kichwa cha greini ngapi? Uliinunua mpya au imetumika, na ni ya mwaka gani? Ilishawahi kwenda kwa fundi, na fundi alifanya nini?

Jibu la swali la mwisho ndilo lenye mali. Aliyeipeleka kwa fundi anajua inakovunjika. Asiyeipeleka ama amebahatika ama haipigi.

Malalamiko pia yana namna ya kusomwa. Lalamiko moja kwa mtu mmoja ni bahati mbaya. Lalamiko lilelile, la sehemu ileile, kwa watu wasiojuana, hilo ni tabia ya bastola. Na tenga malalamiko ya kiwandani na ya ubunifu. Mtutu uliofungwa upande, ambao kilengeo chake cha mbele kimeinama kidogo kushoto au kulia, ni kosa la mtu aliyekuwa zamu siku ile. Hutokea kwa viwanda vyote, na kwa zilizotengenezwa miaka ya karibuni wanunuzi wanaulalamikia sana. Kiwanda kikirudishiwa hurekebisha. Lakini sehemu iliyo nyembamba kwa ubunifu itabaki nyembamba kwa kila aliyeinunua.

Hatua ya 4: Zinazotajwa, na nionavyo mimi

Smith & Wesson Model 19, na ndugu yake wa chuma kisichoshika kutu, Model 66. Hii ni fremu ambayo kiwanda kinaiita K. Model 19 ilitoka mwaka 1955 kwa ushawishi wa Bill Jordan, askari wa doria ya mpakani wa Marekani, aliyetaka magnum nyepesi ya kuvaa kiunoni kutwa nzima. Yenye mtutu wa inchi 4 ina uzito wa kama kilo moja. Wenye nazo wanasifia triga na jinsi inavyokaa mkononi, na sifa hizo ni za haki. Sijaona nyingine ya kiwandani inayoelekea kwenye shabaha kwa wepesi ule.

Udhaifu wake unajulikana. Nyuma ya mtutu, pale kichwa cha risasi kinaporuka kutoka kwenye silinda, mdomo wa mtutu umechongwa bapa upande wa chini ili mkono wa silinda upate nafasi ya kufunga. Hapo chuma ni chembamba. Enzi za Jordan polisi walifanya mazoezi kwa .38 na kubeba magnum kazini, na bastola ilistahimili. Baadaye idara za polisi zilipoanza kufanya mazoezi kwa magnum kamili, hasa za greini 125 zenye moto mkali, midomo ikaanza kupasuka hapohapo palipochongwa. Mtutu wa zamani ukipasuka, kupata mwingine wa aina hiyo ni shughuli. Model 66 ilirudi sokoni 2014 na Model 19 mwaka 2018, zikiwa na mtutu wa vipande viwili na bila mchongo ule, kwa hiyo hofu hii ni ya zile za zamani.

Ushauri wangu: Model 19 ya zamani ni bastola ya .38 inayoweza kupiga magnum. Ukiichukua kwa moyo huo, na magnum chache unazopiga zikawa za greini 158, mtaishi vizuri. Model 13 na Model 65 ni fremu ileile yenye vilengeo visivyorekebishika. FBI waliwahi kuwapa maafisa wao Model 13 ya inchi 3, na zikipatikana katika hali nzuri usizidharau.

Smith & Wesson 586 na 686. Hizi ndizo jibu la kiwanda kwa tatizo la Model 19. Zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye fremu ya L: mpini wa ukubwa uleule wa K, lakini fremu nene zaidi pale mbele, mdomo wa mtutu mzima bila mchongo, na chuma kizito chini ya mtutu hadi ncha. 586 ni ya chuma cheusi, 686 haishiki kutu. Ya inchi 4 inafika kama kilo 1.1, na gramu hizo za ziada utazishukuru kila unapopiga magnum. 686 Plus inabeba saba.

Ukikuta 686 ya miaka ya mwanzo, fungua silinda utazame palipogongwa namba ya modeli. Mwaka 1987 kiwanda kilitoa tangazo kwamba baadhi ya bastola hizi, zikipigwa risasi fulani, bati la fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, linafutuka kuingia kwenye tundu la sindano inayoigonga na silinda inagoma kuzunguka. Zilizorekebishwa ziligongwa herufi M karibu na namba hiyo. M ikiwapo, tulia. Isipokuwapo kwenye zile za mwanzo, jadiliana bei.

Jambo jingine utakalolisikia hadi uchoke ni kitundu cha ufunguo juu ya kitufe cha kufungulia silinda. Smith & Wesson walianza kuweka kufuli hilo la ndani mwaka 2001, na kuna watu hawataki hata kuliona. Zisizo na kitundu huuzwa ghali zaidi kwa sababu hiyo tu. Kwa bastola ya kupigia shabaha, sioni sababu ya kulipia hasira za wengine.

Ruger GP100. Ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980, ikachukua nafasi ya Security-Six iliyokuwapo tangu 1972. Uzito wake unalingana na wa 686. Fremu haina bamba la ubavuni la kufunguliwa kwa skrubu, ni kipande kizima, na silinda inashikwa mbele kwenye fremu yenyewe badala ya kwenye ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Mpini nao haufuati umbo la chuma: ndani kuna kigingi tu, kwa hiyo unaweza kuweka mpini mnene au mwembamba utakavyo. Kwa mwenye vidole vifupi hili ni jambo kubwa.

Wanaolalamika wanalalamikia triga. Ikiwa mpya ni nzito na ina mikwaruzo, kama mlango wa geti uliokosa grisi. Wengine wanakwambia itajilainisha yenyewe kwa matumizi, na ni kweli kwa kiasi. Wengine wanabadilisha springi ya nyundo kwa nyepesi. Hapo angalia: springi ikiwa nyepesi mno, nyundo haigongi fataki kwa nguvu na risasi inakataa kulipuka, hasa kwa fataki ngumu. Mwenye kujisifia triga laini muulize kama inalipua kila aina ya risasi, au amechagua moja tu.

Mtu akinishika mkono dukani na kuniuliza anunue ipi kwa kupiga magnum nyingi bila kufikiria fundi, nitamwambia GP100 ya inchi 4. Akisema anajali triga na ana dola za ziada, 686.

Security-Six yenyewe iliachwa 1988, lakini iliyotunzwa ni nyepesi kuliko GP100 na ngumu. Shida ni vipuri.

Colt Python. Ilitoka 1955, uzalishaji wake wa zamani ukafifia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2020 Colt wakaitoa upya kwa chuma kisichoshika kutu na mitambo ya ndani iliyobadilishwa. Hizi ni bastola mbili zenye jina moja. Ya zamani ina triga ya ajabu na silinda inayobana kama kasiki, lakini vipande vinavyoizungusha huchakaa, taimingi, yaani silinda kusimama sawasawa mbele ya mtutu kwa wakati wake, inahama, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Bei yake ni ya wakusanyaji, mara nyingi zaidi ya dola 2,000. Ya kununua ili uipige ni hii mpya, nayo haishuki chini ya dola 1,000.

Taurus na Rossi za Brazil ni rahisi kwa bei. Zipo zilizo nzuri. Ila moja na nyingine hazifanani, kwa hiyo ukaguzi wa hatua ya 6 ndio utakaokuamulia.

Hatua ya 5: Ishike

Duka lolote lenye adabu litakukubalia. Hakikisha silinda iko tupu kwa kuifungua na kuitazama wewe mwenyewe, hata kama muuzaji ameitazama mbele ya macho yako. Kitufe hakifanani: Smith & Wesson unasukuma mbele, Colt unavuta nyuma, Ruger unabonyeza ndani.

Shika mpini hadi juu kabisa, nyuma ya nyundo. Kidole cha triga kifike kwa ile pingili ya kwanza bila kuizungusha bastola mkononi. Ukilazimika kuipinda ili ufike, magnum itapiga teke kwenye kifundo cha dole gumba, na hakuna ujasiri wa kuponya hilo. Jaribu mpini mwingine kabla hujaikataa bastola.

Kuhusu urefu wa mtutu: inchi 4 inafaa kwa karibu kila kitu. Inchi 6 ni ya shabaha na uwindaji, na ncha yake nzito inatuliza mkono. Chini ya inchi 3, magnum inageuka mwanga na kelele, nayo inapoteza sehemu kubwa ya mwendo wake.

Hatua ya 6: Ukague iliyotumika

Hapa ndipo unapookoa pesa. Beba tochi ndogo, kipande cha karatasi nyeupe, na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia mapengo, ileile ambayo mafundi wa magari hupimia tapeti. Omba ruhusa kabla ya kuvuta triga kwenye bastola tupu, na ukiweza weka risasi za bandia. Endelea tu ukishahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba kila chemba, yaani tundu la risasi kwenye silinda, ni tupu.

Anza na skrubu. Vichwa vilivyochubuka vinasema kuna mtu aliyeingia ndani na bisibisi isiyomfaa. Hilo peke yake halitoshi kuikataa, ila uliza aliingia kufanya nini.

Kisha taimingi. Silinda ikiwa imefungwa, weka kidole kuibana kidogo sana, kama unavyogusa kitu cha moto, na uvute nyundo nyuma polepole kwa dole gumba. Silinda lazima izunguke na kujifunga, utasikia "tik", kabla au wakati uleule nyundo inapofika mwisho. Nyundo ikifika mwisho na silinda ikawa bado haijafunga, hiyo chemba haijasimama mbele ya mtutu sawasawa, na risasi itakwaruza ukingo na kutema vipande vya risasi pembeni. Shusha nyundo kwa uangalifu na urudie kwa chemba zote, moja baada ya nyingine. Usikague moja ukaridhika. Mara nyingi moja au mbili ndizo zinazochelewa.

Nyundo ikiwa nyuma, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Isianguke. Ikianguka, rudisha bastola mezani na uage. Hiyo si hitilafu ya kujadiliana bei, maana inaweza kulipuka bila kuguswa triga.

Sasa vuta triga mpaka mwisho na uishikilie hapohapo. Jaribu kuizungusha silinda kushoto na kulia. Smith & Wesson na Ruger zitacheza kidogo, na ni kawaida. Python ya zamani haitakiwi kucheza hata chembe. Ikiwa inacheza waziwazi, imechoka.

Achilia triga. Pima pengo kati ya silinda na mdomo wa mtutu. Sukuma silinda nyuma na ujaribu kupitisha fila geji, kisha isukume mbele na upime tena. Pengo zuri ni kati ya milimita 0.1 na 0.25, kwenye geji za inchi ni kati ya 0.004 na 0.010. Chini ya hapo silinda itasugua mtutu ikichafuka. Juu ya hapo gesi nyingi inapotea. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwendo wa mbele na nyuma wa silinda. Ukizidi 0.003 ya inchi, bastola imekula magnum nyingi. Fundi huurekebisha kwa washa nyembamba, na gharama yake si ya kutisha, lakini anayetoa gharama hiyo awe muuzaji.

Fungua silinda. Izungushe kwa kidole huku ukitazama ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Ikiyumba kama gurudumu lililopinda, fimbo imekunjika, na mara nyingi chanzo chake ni mtu aliyeifunga silinda kwa kuipiga mkono upande kama kwenye sinema. Kwenye Smith & Wesson hili lina uzito zaidi, kwa sababu silinda inafungwa na ncha ya fimbo hiyo. Angalia pia kama imelegea, maana ikijifungua kidogo silinda inagoma kufunguka.

Washa tochi upande wa mdomo wa nyuma wa mtutu, unaotazama silinda, hasa kwenye Model 19, 66, 13 na 65. Futa masizi kwa kitambaa kwanza. Ufa unajificha chini ya masizi. Tazama ule upande wa chini uliochongwa. Mstari mwembamba mweusi usiofutika ni ufa. Juu yake, kwenye daraja la fremu, utaona mchoro ambao moto umeukata kwenye chuma. Huo huwatia watu hofu bure, kwani hukua kidogo kisha husimama.

Mwisho, weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu na utazame kupitia mbele. Michirizi ya ndani ya mtutu iwe na makali. Ukiona pete nyeusi imezunguka ndani mahali pamoja, mtutu umewahi kuvimba: risasi moja ilikwama na nyingine ikaifuata. Usiinunue.

Hatua ya 7: Boksi la kwanza

Magnum hutoa kelele inayozidi desibeli 160. Vaa vya masikio vya ndani na vya nje kwa pamoja, na miwani. Mkono wa kushoto usikaribie pembeni mwa silinda, maana gesi inayotoka kwenye lile pengo ulilopima hukata ngozi.

Anza na .38 chache. Zikitoka sawa, weka magnum za greini 158. Kila chemba ikishalipuka, sukuma fimbo: maganda yatoke kwa kiganja tu. Ikibidi ugongee mezani, chemba zina mikwaruzo au uchafu. Tazama fataki zilizogongwa. Bonyeo la sindano liwe katikati. Likiwa pembeni kwa chemba ileile kila mara, rudi kwenye taimingi.

Ukipiga .38 nyingi, pete ya masizi hujijenga ndani ya chemba pale ganda fupi linapoishia. Siku utakapotaka magnum, haitaingia hadi mwisho, na wapo waliodhani bastola imeharibika. Usiilazimishe. Brashi ya shaba, dawa ya kusafishia, na dakika chache kwa kila chemba, basi.

Nyumbani, kebo ya kufuli inayokuja kwenye boksi hupita katika fremu silinda ikiwa wazi, na silinda haitafunga mpaka kufuli itolewe. Risasi zikae mahali pengine na ufunguo wake mwingine. Kama nyumba ina watoto, au ina wageni wanaokuja na watoto, na kwetu ni nani asiye nao, kasiki dogo la kufungwa ukutani ni sehemu ya bei ya bastola. Lihesabu kabla hujaamua kama unazo pesa za 686.